Waziri Mkuu Yupo

Nchi inayosemwa hapa si hii. Hii yetu haina matatizo, na mwenye ushahidi wa kinyume chake aupeleke kituo cha polisi kilicho jirani naye, atahudumiwa hukohuko. Nchi inayosemwa iko mbali, ng'ambo ya mito saba na vizuizi kumi na viwili vya barabarani, na ukiitafuta kwenye ramani utakuta imeangukia pale pale karatasi ilipokunjwa.

Huko palikuwa na Waziri Mkuu, na nyuma ya Waziri Mkuu palikuwa na Naibu Waziri Mkuu. Nyuma maana yake nyuma kweli, kiti kwa kiti, bungeni na kwenye Baraza la Mawaziri. Kwa miaka kumi na mmoja Mheshimiwa Ludoviko Mchelu alikuwa ameitazama nchi yake kupitia katikati ya masikio mawili ya Mheshimiwa Daktari Habakuki Ndimbo. Aliyajua masikio yale kuliko alivyowajua wanawe. La kushoto lilikuwa na unywele mmoja mrefu uliotikisika kila mwenyewe alipodanganya, na kwa kuwa haukuwahi kutulia, Mchelu alidhani ni upepo wa feni.

Kazi ya Naibu ilikuwa imeandikwa kwenye Katiba, Ibara ya Hamsini na Mbili, sentensi moja: *Naibu Waziri Mkuu atatekeleza kila shughuli ya Waziri Mkuu pale ambapo Waziri Mkuu hayupo.* Basi. Waliotunga Katiba ile walikaa siku arobaini wakigombania neno la mwisho. Kundi moja lilitaka *hayuko*, jingine likang'ang'ania *hayumo*, zikarushwa ngumi, mjumbe mmoja akang'olewa jino la dhahabu ambalo mpaka leo haijulikani lipo, liko au limo. Mwishowe *hayupo* ikapita kwa kura moja ya ziada, ya mzee aliyekuwa amenyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Na palikuwa na sheria nyingine ndogo iliyomkosesha Mchelu raha. Ilisema kwamba yeyote atakayekaimu uwaziri mkuu, hata kwa nusu saa, picha yake itatundikwa kwenye ukuta wa Bunge pamoja na mawaziri wakuu wote, milele. Mchelu alishapiga picha hiyo. Alishachagua na msumari. Kilichobaki ni nusu saa.

Lakini Daktari Ndimbo hakuwa mtu wa kukosekana. Watumishi wa nchi ile walikuwa na desturi, ambayo kwetu haijulikani kabisa: mtu akitaka kwenda kuangalia banda lake la kuku saa za kazi, huvua koti akalitundika kwenye mgongo wa kiti. Ukija na shida yako unaambiwa, "Koti lipo, mwenyewe yupo, subiri hapo kwenye benchi." Daktari Ndimbo aliichukua desturi hiyo akaigeuza utawala. Akienda ng'ambo wiki sita kutibiwa goti, koti linabaki kitini. Spika huliuliza koti swali, hungoja dakika mbili, kisha hutamka, "Majibu ya Serikali yamepokelewa."

Katika mwaka wake wa nne Mchelu alithubutu kusimama. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Bibi Zamda Kirobo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya wembe unaopita kwenye karatasi, alimtazama juu ya miwani.

"Mheshimiwa Naibu, kile kitini ni nini?"

"Ni koti, Mheshimiwa."

"La nani?"

"La Waziri Mkuu."

"Lipo?"

"Lipo."

"Sasa wewe umesimama badala ya nani?"

Akaketi. Akaamriwa kuliomba radhi koti, mbele ya kamera, na kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi za Bunge koti lilimsamehe.

Nyumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mkewe, Tekla, alikuwa mwanamke wa ulimi. Kwenye sherehe za kitaifa alikuwa akikalishwa nyuma ya nguzo, tena nguzo ile ile kila mwaka, na alishaizoea hadi akawa anaisalimia.

"Baba Oliva," alikuwa akimpokea mlangoni, "leo koti limeamkaje?"

"Mama Oliva, usinianze."

"Sikuanzi, naulizia hali ya bosi wako. Maana watu wananiita mke wa Naibu, nawaambia jamani msinikuze, mume wangu ni msaidizi wa bitana."

"Siku moja tu," Mchelu alikuwa akisema, akivua viatu. "Siku moja yule mtu hatakuwepo."

"Yule? Yule hata akifa atakuwepo. Njoo ule."

*

Daktari Ndimbo alikufa siku ya Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, wakati wa maswali ya papo kwa papo.

Mbunge mmoja wa Nyanda za Kusini alikuwa amesimama kuuliza ikiwa Serikali inazo habari kwamba wananchi wake wanakula mizizi, na kwamba mizizi yenyewe inakaribia kwisha. Waziri Mkuu, aliyekuwa na paja la kuku chini ya meza, aliinuka nalo mkononi, akiwa bado anatafuna.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "katika nchi hii hakuna nja..."

Silabi iliyobaki ilichukuliwa na mfupa. Akaketi taratibu, macho wazi, kifua mbele. Wabunge wa chama tawala wakapiga meza kwa dakika nne, na Spika akasema hajawahi kusikia jibu fupi na lenye kujitosheleza namna ile.

Nyuma yake, Mchelu aliona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka kumi na mmoja. Unywele wa sikio la kushoto ulikuwa umetulia.

Moyo wake ukaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Aliinama, akamshika Waziri Mkuu mkono, akauachia, mkono ukaanguka kama gogo. Mungu amsamehe, alicheka. Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti aliyokuwa ameifanyia mazoezi bafuni tangu achaguliwe:

"Mheshimiwa Spika! Kwa mujibu wa Ibara ya Hamsini na Mbili..."

"Kaa chini, Mheshimiwa," Bibi Zamda akasema bila kuinua kichwa. "Waziri Mkuu yupo."

"Amekufa!"

"Sijauliza hali yake."

"Bibi Mwanasheria, amekufa huyu, mguse, ameanza kupoa!"

Bibi Zamda akavua miwani, akaifuta. "Katiba haina habari na pumzi, Mheshimiwa Naibu. Ingetaka pumzi ingesema pumzi. Inauliza mahali. Haya, mtazame vizuri, unisaidie. Yupo au hayupo?"

Mchelu akatazama. Paja la kuku lilikuwa bado mkononi. "Yupo," akasema, na neno nusura limfanye kama mfupa ule ulivyomfanya mwenzake.

"Basi kaa, usimzibie hewa."

*

Kilichofuata kilikuwa, kwa maoni ya wengi, kipindi bora kabisa cha uongozi katika historia ya nchi ile.

Waziri Mkuu alifika kazini mapema kuliko wote na kuondoka wa mwisho, kwa kuwa hakuondoka. Vikao vilikuwa vifupi. Mawaziri waliuliza, "Mheshimiwa, tupitishe?" na aliponyamaza walipitisha. Balozi mmoja wa nchi tajiri aliandika nyumbani kwao kwamba amekutana na kiongozi mwenye msimamo usioyumba. Gazeti la Serikali likatoka na kichwa kikubwa: WAZIRI MKUU AENDELEA KUWA MTULIVU.

Wazee watatu kutoka Nyanda za Kusini walitembea siku tisa kuja kulilia chakula. Waziri Mkuu aliwasikiliza saa nne nzima, bila kuwakatiza, bila kutazama saa, bila kuwaambia waache uvivu wakalime mtama. Walitoka wakifuta machozi. "Tangu uhuru," alisema mmoja wao, "hatujawahi kusikilizwa hivi." Wawili kati yao walifika nyumbani.

Wiki ya pili barafu ya soko la samaki, aliyokuwa amezungushiwa pale kitini, ikaanza kushindwa kazi. Harufu ikatangazwa rasmi kuwa ni harufu ya uongozi, na waliokamatwa wakiziba pua walishtakiwa kwa uchochezi. Karani mmoja aliyetapika alisamehewa baada ya kuthibitisha kuwa alitapika kwa uzalendo.

Na Mchelu? Mchelu alipandishwa cheo. Alikabidhiwa usinga wa kufukuzia nzi. Alikaa nyuma ya masikio yale yale, ambayo sasa yalikuwa yamebadilika rangi, akipunga kushoto, akipunga kulia, na kila inzi aliyetua kwenye kichwa cha Waziri Mkuu alimwonea wivu, maana angalau yeye alikuwa amefika mbele.

Mwishowe wazee wa Chama wakakubaliana juu ya mrithi, shemeji yake Waziri Mkuu, bwana mmoja mnene aliyekuwa na sifa zote: alikuwa shemeji. Wakapanga mazishi ya kitaifa siku ya Jumamosi, na Bibi Zamda akaandika utaratibu usio na tundu hata la kupitisha sindano. Maiti atatoka kitini aingie kwenye jeneza, jeneza litalala ukumbini mpaka Jumamosi, litoke ukumbini liende uwanjani, liende kaburini, na udongo wa kwanza ukiligusa tu, shemeji anaapa. Kutoka kitini mpaka udongoni Waziri Mkuu atakuwa *yupo*. Palipoishia yeye ndipo angeanzia mwingine.

Mchelu aliisoma karatasi ile mara tano akitafuta nusu saa yake. Haikuwemo.

Na shemeji alikuwa na miaka thelathini na minane, halafu alikuwa hali kuku.

*

Wezi wa kawaida huiba gizani. Mchelu alikuwa mtu wa Serikali, aliijua Serikali inapolala: saa nane mchana, baada ya ugali. Siku ya Ijumaa, walinzi wote wa ukumbi wakiwa kwenye mgahawa wa nyuma, alimchukua dereva wake, Mlekwa, mtu wa maneno machache na kifua cha fundi wa mawe, wakafungua jeneza.

"Mkuu," Mlekwa akasema kwa sauti ya puani, maana alikuwa ameacha kuvuta pumzi, "tukikamatwa itakuwaje?"

"Tukikamatwa kesho nitakuwa Kaimu Waziri Mkuu. Nitakusamehe."

"Na tukikamatwa leo?"

"Leo mimi sikufahamu. Shika miguu."

Jeneza wakalijaza ripoti za tume za uchunguzi, kwa kuwa zilikuwa nzito na hapakuwa na hatari ya mtu kuzifungua. Waziri Mkuu wakamweka katikati, mkono mmoja bega hili, mkono mwingine bega lile, wakamkokota koridoni kama walevi wanaomrudisha mlevi mwenzao. Kwenye kona wakakutana na askari aliyerudi kuchukua kitambulisho alichosahau. Askari akapiga saluti mpaka kofia ikapinda.

"Shikamoo, Mheshimiwa Waziri Mkuu!"

Kichwa cha Waziri Mkuu kikaanguka mbele.

"Ameniitikia!" askari akamwambia Mchelu, machozi yakimlengalenga. "Miaka sita nasimama hapa, mkubwa, leo ndiyo mara ya kwanza ananiitikia."

Wakamficha mahali salama kuliko pote nchini: ofisi ya Naibu Waziri Mkuu, chumba cha chini ya ngazi ambacho tangu kijengwe hakijawahi kupata mgeni. Mchelu alimsukumiza chini ya meza, akamfunika na bendera ya zamani, akafunga mlango. Jioni alikula sahani mbili.

"Una nini leo?" Tekla akamuuliza. "Unanuka kama mtu mkubwa."

"Kesho vaa vizuri, Mama Oliva. Kesho vaa vizuri sana."

*

Jumamosi uwanja ulijaa mpaka juu ya mapaa ya vyoo. Marais saba walikuja, na mfalme mmoja aliyekodishwa. Bendi ilipiga, kwaya iliimba, mjane wa Waziri Mkuu akakalishwa mbele kwenye kiti cha mahameli, na Tekla akasalimiana na nguzo yake. Saa sita na nusu mshereheshaji akatangaza kwamba sasa ni wakati wa kumtazama mpendwa wetu kwa mara ya mwisho. Jeneza likafunguliwa.

Ndani mlikuwa na mto na ripoti, basi.

Mchelu alisimama. "Mheshimiwa Spika," akapaza sauti, "Waziri Mkuu hayupo!"

Bibi Zamda akaliendea jeneza. Akainua mto. Akainua ripoti moja, akaona jina lake kwenye jalada, akairudisha haraka. Akaita jina la Waziri Mkuu mara tatu, kushoto, kulia na katikati. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja akainamisha kichwa mbele ya Ludoviko Mchelu.

"Ni kweli," akasema kwenye kipaza sauti. "Hayupo."

Basi wakamwapisha hapohapo. Shemeji alilia kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Mpiga picha wa Serikali akapiga picha tatu, ya mbele, ya ubavu na ya tabasamu, na mtu akatumwa bungeni na nyundo. Wananchi walipiga vigelegele; walikuwa wamekaa juani tangu alfajiri na wangempigia vigelegele hata mbuzi. Mchelu akatoa mfukoni hotuba yake, kurasa sitini na moja, akakohoa.

"Ndugu wananchi..."

"Samahani, Mheshimiwa Kaimu Waziri Mkuu," Bibi Zamda akamkatiza kwa adabu kubwa. "Kabla ya hotuba, kuna ratiba."

"Ratiba gani?"

"Ya Waziri Mkuu, ya leo. Mshereheshaji, soma."

Mshereheshaji akasoma. "Saa saba kamili mchana, Waziri Mkuu kuzikwa."

Mchelu akacheka. Akatazama huku na huku kuona nani mwingine anacheka. Marais saba walikuwa wanatazama saa zao.

"*Kila shughuli ya Waziri Mkuu,*" Bibi Zamda akasema polepole, "*pale ambapo Waziri Mkuu hayupo.* Haikusema shughuli nzuri nzuri tu, Mheshimiwa. Kaburi limechimbwa. Wageni wana ndege za kuwahi."

"Lakini mimi ni mzima!"

"Hilo tulishalimaliza bungeni. Katiba haina habari na pumzi."

Askari wanne wakasogea. Mmoja wao alikuwa yule aliyeitikiwa salamu jana, na alikuwa akimtazama Mchelu kwa heshima ya dhati. Mchelu akaona kwamba hakuna utani pale, na siri yote ikamtoka kwa kishindo.

"Yuko! Sikilizeni, jamani, yuko! Yuko ofisini kwangu! Yumo chini ya meza, nimemfunika na bendera, nendeni mkatazame!"

Bibi Zamda akainua kidole, askari wakasimama.

"Umesema yuko," akasema Mwanasheria Mkuu.

"Ndiyo! Yuko!"

"Na yumo."

"Yumo, ndiyo, naapa kwa mama yangu!"

"Yuko ni huko. Yumo ni humo. Wazee wetu walitoana meno kwa ajili ya tofauti hiyo, Mheshimiwa, tusiwavunjie heshima. Mimi nakuuliza ya Katiba. Hapa, mbele ya wageni hawa, Waziri Mkuu yupo, au hayupo?"

Mchelu akafungua mdomo. Akatafuta neno jingine katika lugha nzima ya mababu zake, na lugha nzima ilikuwa imemgeuzia kisogo.

"Hayupo," akasema.

"Ahsante. Mwingizeni."

"Mama Oliva!" akapiga kelele, wakati wanazitoa ripoti ili apate nafasi. "Mama Oliva, waambie!"

Tekla alikuwa ameshasimama kando ya nguzo, akijikaza kwenda mbele. Bibi Zamda akampungia mkono. "Karibu mama, karibu. Kiti chako kiko hapa mbele."

"Kiti gani?"

"Cha mjane kaimu."

Mjane wa zamani alikuwa tayari anahamishiwa nyuma, akilalamika. Tekla akakitazama kiti cha mahameli. Akakigusa kwa kiganja, akakibonyeza, kikabonyea vizuri. Akamtazama mumewe, ambaye sasa alionekana kichwa tu.

"Baba Oliva," akasema kwa upole ambao hakumwonyesha tangu fungate, "si uliitaka mwenyewe?" Akakaa, akajitanda khanga, akaanza kulia vizuri, kwa mpangilio.

Kifuniko kikashuka.

Ndani mlikuwa na giza na harufu ya aliyetangulia. Mchelu akagonga. Akagonga kwa ngumi, kwa viwiko, kwa magoti. Nje, mshereheshaji akasema, "Ndugu wananchi, kama mnavyosikia, mpendwa wetu anatuaga," na maelfu ya watu wakapunga mikono. Mahali fulani karibu na miguu yake alisikia mafundi wawili wakibishana juu ya msalaba.

"Tuandike marehemu?"

"Marehemu ni yule mwingine. Huyu andika jina lake, halafu chini weka *k.n.y. Waziri Mkuu*."

"Na mhuri?"

"Mhuri utakuja Jumatatu."

Jeneza likanyanyuliwa. Mchelu akazidi kugonga, sasa akilia, akiwaita wote kwa majina yao na vyeo vyao. Mizinga ikapigwa, na hakuweza kujizuia kuhesabu: kumi na tisa, kamili, haikupunguzwa hata mmoja. Kisha bendi ikanyamaza, marais saba wakasimama, uwanja mzima ukasimama, na kipaza sauti kikatamka, taratibu na kwa sauti nzito inayotetemeka kwa huzuni ya kitaifa:

"Waziri Mkuu, Mheshimiwa Ludoviko Mchelu."

Bila naibu. Bila hata kaimu. Hivyohivyo.

Kamba zikaanza kulegezwa. Mchelu akaacha kugonga, akaiweka tai yake sawa gizani, akanyamaza kimya, asije akapitwa kama watarudia.